Mbio za duma huishia ukingoni

Mwulize mtoto yeyote wa shule ni mnyama gani mwenye mbio kuliko wote wa nchi kavu, naye atakujibu bila kusita: duma. Lakini wafugaji wa Wajir, kaskazini ya Garissa, watakwambia kwamba hata duma hushikwa kwa miguu.

Mnamo Novemba 2013, duma wawili walizoea kuvamia mbuzi wa mfugaji mmoja karibu na mji wa Wajir. Siku baada ya siku walimchukua mmoja, hata wakatimia 15. Kwa mfugaji wa huko, mbuzi 15 ni maziwa ya watoto na karo ya shule. Siku moja wanaume wanne walingoja hadi jua likawa kali kabisa, kisha wakawafukuza duma hao kwa miguu. Baada ya kilomita zipatazo sita, duma waliishiwa nguvu. Wakakamatwa wakiwa hai, wakakabidhiwa maafisa wa Shirika la Wanyama Pori nchini, KWS.

Je, iliwezekanaje? Duma ameumbwa kwa mbio fupi. Ana mwili mwembamba, miguu mirefu, na kucha zisizofichika kabisa, ambazo hushika ardhi kama viatu vya njumu. Aweza kupita kilomita 100 kwa saa, lakini kwa mita mia chache tu. Akimkosa swala, hana budi kulala kivulini akihema. Hata akimpata, mara nyingi fisi humnyang'anya angali anatweta. Binadamu naye ni mzito wa mbio, lakini hutoka jasho mwili mzima, na kwa hivyo aweza kukimbia polepole juani kwa muda mrefu.

Usimchanganye duma na chui. Duma, ambaye Wasomali humwita haramcad, ana mistari miwili myeusi kama machozi kutoka machoni hadi mdomoni. Hangurumi kama simba. Hukoroma kama paka, na humwita mwanawe kwa sauti kama ya ndege. Huwinda mchana, na chakula chake ni swala, digidigi na sungura. Hao wakiadimika, mbuzi ndiye aliye karibu.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini duma bado yumo hatarini. Waliokomaa waliobaki porini duniani kote wakadiriwa kuwa 7,000 hivi. Katika Pembe ya Afrika, watoto wa duma huibwa na kuvushwa Ghuba ya Aden ili wauzwe kwa matajiri wa Uarabuni. Wengi hufa njiani.

Ndiyo sababu wanaume wale wanne wastahili sifa. Mkuki au sumu ingemaliza kazi mapema, nao hawakutumia. Sheria ya wanyama pori iliyopitishwa mwaka uo huo wa 2013 ilimpa mfugaji haki ya kudai fidia, lakini yajulikana kwamba madai mengi huchukua miaka kabla ya kulipwa. Sisi wa mjini twampenda duma kwenye picha. Anayemlisha ni mfugaji. Fidia ikizidi kuchelewa, huenda mfugaji mwingine asingoje jua lipande.