Ujana wa Nyungu ya Mawe Katika Somo la Historia

Wanachuo waendao kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Sikonge hupenda sana kumfundisha Nyungu ya Mawe, nami sina neno la kuwakataza. Kiwere, alikojenga makao yake, imo katika wilaya hiyo, na mtoto wa huko hana haja ya kuambiwa kwamba historia si habari za watu wa mbali tu. Neno langu ni juu ya mahali wanapoanzia. Karibu wote huanza na mtawala aliyekwisha kuwa mkubwa: Ukimbu yote mkononi mwake, watwale wake wakikusanya pembe za ndovu, misafara ikimwogopa. Hapo mtoto hana tena la kuuliza. Mtu amekwisha kushinda. Kilichobaki ni kunakili sifa zake.

Nilipata kuketi nyuma ya darasa moja la tano nikisikiliza somo la namna hiyo. Mwanachuo aliandika ubaoni sifa sita, ya kwanza ushujaa, na watoto wakazinakili kwa hati nzuri. Alieleza pia kwamba Nyungu aliwaita askari wake mapimpiti, yaani magogo, na kwamba vita vilipopamba moto aliamuru magogo yaongezwe. Watoto wakacheka. Kisha msichana mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, hayo magogo yalikuwa watoto wa nani?" Mwanachuo akajibu kwamba jambo hilo lingeonekana katika kipindi kijacho, na kengele ikamwokoa. Nami nikampa alama za juu kwa utulivu wa darasa. Jambo hilo limenisumbua tangu siku ile, maana swali lile lilikuwa ndilo somo lenyewe, nasi wawili tulilipita kama wapitaji njia.

Maoni yangu ni kwamba somo lianze mwaka 1858, Nyungu akiwa hana jina. Mwaka huo alifariki Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, ambako Tabora ilikuwa imeanza kukua kuwa kituo cha wafanya biashara wa Kiarabu na watu wa pwani. Mnywa Sele akatawazwa, naye akataka wafanya biashara hao walipe ushuru kwa bidhaa zao. Hawakukubali. Mwaka 1860 walimwondoa katika kiti kwa nguvu za bunduki, wakamweka Mkasiwa aliyekuwa mpole kwao. Mnywa Sele akaishi porini na wafuasi wake, akipiga vita vya kuvizia na kuifunga njia ya misafara. John Speke, Mwingereza aliyekuwa safarini kutafuta chanzo cha Nile, alikutana naye mwaka 1861 akajaribu kupatanisha, asifaulu. Mwaka 1865 Mnywa Sele alikamatwa, akakatwa kichwa.

Nyungu alikuwa mtu wa ukoo huo wa utemi. Basi mwalimu asimame hapo, aweke chaki chini, aulize darasa: jamaa yako ameuawa, kiti kimekaliwa na aliyewekwa na adui, wewe huna ardhi, huna watu, huna baruti ila ile uliyonyang'anya. Utafanyaje? Waacheni watoto wabishane. Wako watakaosema arudi akamsujudie Mkasiwa, na jibu hilo si la kijinga. Wengi walifanya hivyo. Wako watakaosema akimbilie mbali alime mtama. Mtoto akishaziona njia zote hizo, atatambua kwamba ile aliyoishika Nyungu haikuwa imeandikwa mbinguni. Yeye aliingia katika misitu ya Ukimbu, upande wa Mgunda Mkali, nyika kavu ambayo misafara kutoka Ugogo ilikuwa haina budi kuivuka kabla ya kufika Tabora. Mahali penye maji machache, mwenye kukaa karibu na kisima ana nguvu kuliko mwenye bunduki nyingi. Katika miaka ya 1870 aliiteka Kiwere, na tangu hapo akawa na makao badala ya maficho.

Watu aliwapata wapi? Hapa ndipo pa kukaa kitako, ikibidi kipindi kizima. Warugaruga walikuwa vijana: wapagazi waliotoroka misafara, watumwa waliokimbia, mateka wa vita, watoto wa vijiji vilivyochomwa, pamoja na wengine waliopenda tu mali na sifa. Wangoni waliofika Unyamwezi katika miaka ya 1850 walikuwa wameonyesha jinsi kijana aliyetekwa awezavyo kugeuzwa askari wa yule yule aliyemteka, na Mirambo wa Urambo alilishika funzo hilo upesi kama Nyungu. Warugaruga walivaa shuka nyekundu, wakavuta bangi, wakapewa sehemu ya nyara. Biashara ya pembe na watumwa ndiyo iliyowatoa makwao, nao wakaishi kwa kuipora, na kwa kuuza waliyoipora kwa wafanya biashara wale wale. Mwalimu asiogope mzunguko huu kwa kudhani kwamba watoto hawataufahamu. Wataufahamu kuliko tarehe.

Sasa turudi kwa magogo. Mtoto wa Sikonge amekwisha kuliona bani la kukaushia tumbaku. Anajua linavyomeza kuni usiku na mchana, na kwamba msitu wa jirani husogea mbali kila mwaka. Zana gani ya kufundishia ipite hiyo? Mwulizeni: mtu anayewaita vijana wake magogo anawaona kuwa nini? Na jina la Nyungu ya Mawe, chungu cha jiwe kisichovunjika, lisomwe pamoja na lile la mapimpiti. Chungu hakikuvunjika kwa sababu kuni ziliungua.

Najua nitakavyojibiwa. Vitabu vya wakoloni viliwaita watu hawa wanyang'anyi, na kizazi chetu kilifanya kazi kubwa kuwarudishia heshima. Je, sasa tuwarudishe katika unyang'anyi? La, hasha. Nyungu alijenga kitu ambacho wanyang'anyi hawajengi. Watemi wa Kikimbu aliwaacha na matambiko yao, akaweka watwale juu yao wa kusimamia nchi, na mpango huo ulidumu. Alipofariki mwaka 1884, mwaka ule ule aliofariki Mirambo, binti yake Mgalula alishika utawala, na nchi haikutawanyika kama ilivyotawanyika ile ya Mirambo. Lakini heshima isiyostahimili swali la mtoto wa darasa la tano ni heshima dhaifu. Zaidi ya hayo, katika dawati moja la Sikonge huketi mtoto ambaye babu wa babu yake alikuwa mrugaruga pamoja na mwenzake ambaye wazee wake walichomewa kijiji. Yule wa pili naye amekuja kusoma historia yake.

Shida hii si yetu peke yetu. Wajapani wanamkumbuka Oda Nobunaga kwa ushindi wake wa mwaka 1560 huko Okehazama, aliposhambulia ghafula baada ya dhoruba ya mvua, akamwua Imagawa Yoshimoto aliyekuwa na jeshi kubwa mara nyingi kuliko lake. Ni hadithi tamu. Lakini miaka kama minane kabla ya siku hiyo aliitumia kupigana na watu wa ukoo wake katika jimbo lake la Owari, hata akamwua ndugu yake wa tumbo moja. Anayeanzia Okehazama anamwonyesha mtoto radi bila wingu.

Katika maandalio yenu, basi, naomba orodha ya sifa isiingie ubaoni kabla ya kipindi cha tatu, na watoto waitunge wenyewe, wakiruhusiwa kutokubaliana. Kabla ya hapo nendeni kwa wazee wa Kiwere, mkae, mle mlichopewa, msikilize bila kuharakisha. Mkirudi, andikeni katika safu mbili lililosimuliwa na wazee na lililoandikwa na wasafiri, msizichanganye. Zikipingana, waonyesheni watoto zinavyopingana. Na mtoto akiuliza magogo yalikuwa ya nani, kengele ikilia, mwacheni kiranja akaombe dakika tano kwa mwalimu wa zamu.