Mwani Mwekundu na Maziwa Yetu

Wakulima wa Wamagana wapelekao maziwa kiwandani, wengi wao huishi mbali na bahari, lakini maziwa na mwani hukutana mara nyingi katika chupa moja. Maziwa yakitiwa kakao, unga wake hutaka kutuama chini. Kitu kitumiwacho sana kuuzuia ni karajinani, itokayo katika mwani mwekundu.

Karajinani ni mnyororo mrefu wa sukari iitwayo galaktosi. Juu ya mnyororo huo hushikamana salfeti, na idadi yake ndiyo iletayo tofauti. Mwani uitwao kotonii hutoa karajinani yenye salfeti moja kwa kila galaktosi mbili. Minyororo yake husokotana kama kamba, na ikipata potasiamu huganda imara. Ile ya mwani wa spinosamu ina salfeti mbili, nazo husukumana. Kwa hiyo huganda laini, hasa ikipata kalsiamu.

Jambo hili dogo lafika mfukoni. Huko Unguja, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, wakulima walio wengi ni wanawake. Kotonii huleta bei nzuri zaidi, lakini hufa upesi maji yakizidi joto. Hivyo wengi hupanda spinosamu, ivumiliayo zaidi ila yenye bei ndogo.

Ndugu msomaji, mkulima wa kahawa huiona buni yake mkononi. Mkulima wa mwani hulipwa kwa salfeti asizoweza kuziona.