Foleni ya ayeropo inaanzia Baraka

Bandugu wa Fizi na Baraka,

Wafanyabiashara wa kwetu wakitoka Dubai wanasimulia mlango unaojifungua. Unaweka paspoti juu ya kioo, kamera inalinganisha sura yako na picha iliyo ndani ya chipu, unapita. Huku kwetu msafiri anatoka meza moja kwenda nyingine, na kila meza inafungua paspoti ile ile.

Sisi vijana wenye diplome na bila kazi tunautaka ule mlango. Mashine haiulizi kabila, haiombi kahawa. Lakini ukiwekwa kesho, wangapi kati yetu watapita?

Kitambulisho chetu ni karte ya uchaguzi, sababu leta bado haijampa kila raia karte ya utambulisho. Na karte nyingi za 2023 wino umefutika, sura haionekani tena. Ukikosa kitambulisho kinachosomeka, paspoti utaipata wapi? Nayo bei yake tunaikumbuka: mwaka 2015 iliwekwa dola 185, na mwaka 2017 Reuters wakaonyesha kwamba leta ilipata 65 tu. Hata iliposhuka kuwa 99 mwaka 2020, kwa mvuvi wa Baraka ilibaki mlima, tena bado hajalipa nauli ya RN5.

Pesa ya mashine haikosekani. Tangu 2009 abiria analipa Go-Pass, iliyoanza kwa dola 10 safari ya ndani na 50 safari ya nje, ili ayeropo zitengenezwe. Tuonyeshwe imetengeneza nini.

Kwa hiyo tunadai:

1. Karte ya utambulisho ya bure, na waandikishaji wafike mpaka Lulimba na Kazimia.

2. Timu ya paspoti ije Baraka, kwa bei iliyobandikwa ukutani.

3. Go-Pass ilipwe kwa simu, risiti itoke palepale. Mtu wa meza asishike pesa.

4. Mkataba wowote wa mashine utangazwe kabla ya kusainiwa: nani anatunza alama za vidole vyetu, na anakula ngapi?

5. Vijana waliosoma informatike hapa wafundishwe kuzitengeneza. Tuko nao.

Ndugu, kama karte yako imefutika, jiandikishe kwa wenzetu wa mtaa wako. Orodha hiyo tutaipeleka sisi wenyewe kwa AT wa Fizi na kwa meya wa Baraka, na tutaomba jibu la maandishi.