Kipima unyevu cha zamani msikitupe, tengenezeni pini

Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa mazao hapa Kasoli, kila mavuno swali ni lilelile: kipima unyevu cha kikundi kimezeeka, tuchange tununue kipya? Mimi nasema msichange kwanza. Mpelekeeni fundi redio. Mara nyingi kilichoharibika ni pini ya waya, kifaa chenyewe ni kizima.

Nazungumzia vile vya zamani vyenye sindano mbili zinazoungana na kifaa kwa waya. Hupitisha umeme kidogo kwenye punje. Punje mbichi hupitisha umeme kwa urahisi, kavu huuzuia. Sasa pini ikilegea au ikishika kutu, nayo huzuia umeme, na kifaa hudhani mahindi ndiyo makavu. Kinaweza kukuandikia 13 wakati mahindi yana 16. Kilichozimika kabisa hakimdanganyi mtu. Hiki kinakupa namba, unaiamini, unafunga magunia. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi asilimia 13.5, yakizidi hapo unakaribisha ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na ilitoka kwenye mahindi ya nyumbani kwao. Uchafu wenye majimaji ukikaa katikati ya pini mbili, mambo hugeuka: kifaa husoma unyevu mwingi, na mkulima anakatwa bei kwa mahindi makavu.

Kukipima ni rahisi. Choma sindano kwenye mahindi, zitulie, kisha tikisa waya karibu na pini. Namba ikirukaruka, ugonjwa uko hapo. Fundi akate kipande cha waya kilichochoka, achune ganda, achomee upya kwa risasi kwenye pini ileile. Waya wa kusokota na kufunga selotepu siukubali hata kwa siku moja.

Upande wa betri, ukiona unga mweupe au wa kijani, toa betri, futa kwa pamba yenye maji ya ndimu, halafu kwa spiriti, acha pakauke. Kofia ya betri ya volti 9 ikikatika, fundi anaweza kubandua ya betri iliyokufa na kuitumia. Ila awe macho: kofia hiyo ikipachikwa kwenye betri nyingine, upande wake uliokuwa hasi ndio unaoshika chanya. Akiunga waya kwa mazoea, anaweza kukiunguza kifaa.

Baada ya matengenezo, linganisha na kipima kizima kwa mahindi yaleyale. Kama hakipo, tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, utikise. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita kama 15. Kifaa kikisema 13 na chumvi imeganda, kirudi kwa fundi. Chumvi isipoganda, usishangilie bado, maana haitofautishi 14 na 13.

Na mizani ya pamba ya kidijitali? Hiyo fundi redio asiifungue, hata kama ni waya tu umekatika. Ina lakiri ya Wakala wa Vipimo. Itengenezwe na fundi mizani mwenye leseni, kisha ihakikiwe upya kabla ya kupima hata kilo moja ya mtu.