Jicho la Mtoto na Neno Refu la Kiswahili

Imekuwa desturi katika madarasa mengi ya chini, yakiwemo ya Nyeri, Karatina na Nanyuki, mtoto anayesoma Kiswahili kwa kufuatisha kidole kuhesabiwa mzito wa akili. Hukumu hiyo hutolewa bila kuliuliza jicho.

Jicho la msomaji halitiririki juu ya mstari kama maji ya mto Chania. Huruka, hutua, kisha huruka tena. Mtu mzima asomaye Kiingereza hutua kwa takriban robo ya sekunde na kuruka herufi saba hadi tisa. Mwanagenzi hutua kwa muda mrefu zaidi, huruka hatua fupi, na hurudi nyuma mara kwa mara. Hukaribia mwendo wa mtu mzima afikapo miaka 11 au 12. Si udhaifu wa misuli. Mtoto wa miezi minne huweza kuufuata uso wa mamake bila kusitasita. Kinachochelewa kukomaa ni utambuzi wa neno lililoandikwa. (Kidole hicho, ambacho wapo walimu wakipigao marufuku, ndicho kinacholishikia jicho mahali pake.)

Hapa ndipo umbo la Kiswahili linapodai kuzingatiwa. Neno "hawatamsomea" lina herufi 12, na Kiingereza hulieleza kwa maneno sita. Mtoto wa gredi ya kwanza hulipanda silabi kwa silabi, naye akipimwa kwa idadi ya maneno huonekana mvivu ilhali amebeba mzigo uleule. Mpango wa Tusome, ulioenezwa nchini Kenya kuanzia mwaka 2015, ulilitambua jambo hili: kigezo cha usomaji fasaha kilikuwa maneno 45 kwa dakika katika Kiswahili na 65 katika Kiingereza. Mzazi anayelinganisha alama hizo mbili bila kuijua tofauti hiyo humdhulumu mwanawe.

Wapo wanaokilaumu Kigikuyu. Dai hilo halina mashiko. Kigikuyu nacho hujenga kitenzi kwa kupanga viambishi, na kina irabu saba dhidi ya tano za Kiswahili. Mtoto wa Othaya au Mukurwe-ini huingia darasani masikio yake yakiwa yameshazoea neno la namna hiyo. Macho ndiyo bado.

Lawama iwaendee zaidi waandishi na wahariri wa vitabu vya watoto. Ukurasa wa kwanza hubeba "walipomkaribia" na "aliyewasimulia", na wakati mwingine neno hukatwa mwishoni mwa mstari, jicho changa likalazimika kuruka kutoka ukingo wa kulia hadi wa kushoto, mruko mrefu kuliko yote, likiwa katikati ya neno. Wahakiki wetu wa fasihi ya watoto hupima dhamira, wahusika na maadili; ni nadra mno kumwona mmoja akihesabu herufi. Vitabu vyenyewe havihitaji kutafutwa mbali: vimo madukani Nyeri, Embu na Meru, vikimsubiri mwanafunzi asiye na mada ya tasnifu.