Wapagazi wa Tendaguru katika Vitabu, Katuni na Filamu
Safu ya Maoni, na Bakari Selemani Mchinga, Lindi

Msomaji akiwa na kitabu cha tarikhi, hekaya ya kubuni, gazeti la katuni na filamu ya zamani, aghalabu hutarajiwa avipime kwa mizani mbalimbali, cha kwanza kwa ukweli wake, cha pili kwa maajabu yake, cha tatu kwa uchangamfu wake na cha nne kwa uzuri wa picha zake. Lakini mimi, kwa kuwa ni mtu wa Lindi, nimebakiwa na mizani moja tu ambayo sioni haya kuitangaza, nayo ni kuuliza kila kazi imempa nafasi gani yule aliyebeba mzigo.

Mzigo wenyewe twaujua. Kati ya mwaka 1909 na 1913, katika kilima cha Tendaguru, mwendo wa siku nne kwa miguu kutoka bandari yetu, Wajerumani walichimbisha mifupa ya dinosaria, na zaidi ya tani 200 za mifupa hiyo zikateremshwa pwani vichwani na mabegani mwa watu, maana hapakuwa na reli wala barabara ya gari. Plasta ilipoadimika, mafundi wa machimboni waliupaka mfupa udongo mwekundu, wakauzungushia fito za mianzi na kuukaza kwa kamba, kama mama amvishavyo mbeleko mtoto mchanga, ndipo ukakabidhiwa mpagazi. Na hayo yalitendeka miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji na ile njaa iliyofuata, ambayo iliua watu wengi kuliko risasi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani; jina lake lilikaa muda mrefu mno pembezoni mwa vitabu, hata mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipoitwa rasmi Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Sasa tazama hekaya. Mwaka 1912, wapagazi wetu wangali njiani, Arthur Conan Doyle alitoa London riwaya yake The Lost World, ya wataalamu waliokuta dinosaria hai juu ya uwanda wa Amerika ya Kusini. Nakiri kwamba ni hekaya iliyosukwa kwa ustadi, na mwendo wake haumchoshi msomaji. Bali mtu mweusi aliyemo, Zambo, mtumishi mwenye nguvu na uaminifu, amefananishwa na farasi hata katika akili. Filamu isiyo na sauti iliyotolewa mwaka 1925 ikazidisha dhuluma hiyo, kwani wanyama wake waliundwa kwa subira ya ajabu, kiungo kwa kiungo, ilhali Zambo akaigizwa na mzungu aliyepakwa weusi usoni. Wanyama wale wangali wanapendeza kutazama, Zambo hatazamiki.

Jurassic Park ya mwaka 1993 haina tusi kama hilo, ila ina ukimya wake. Yule mnyama mrefu anayesimama kwa miguu ya nyuma kuyafikia majani ya juu, huku wataalamu wakiduwaa, umbo lake lilizoeleka ulimwenguni hasa kwa sababu ya kiunzi kilichosimamishwa Berlin mwaka 1937, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, nacho kilitoka kwetu, ingawa siku hizi wataalamu wamemtenga mnyama wetu na yule wa filamu kwa jina la Giraffatitan. Watoto wa Lindi wameitazama filamu hiyo pasipo kuambiwa kwamba huenda babu za babu zao ndio waliomtoa mnyama yule porini.

Wala vitabu vya tarikhi visijione vimesalimika. Kitabu cha Sulwa, tarikhi ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 na kupigwa chapa mwaka 1895, nakipenda kwa dhati, hasa pale kisiwa kinaponunuliwa kwa nguo za kukizunguka. Lakini kitabu kile ni cha masultani, na aliyezifuma nguo hatajwi. Mwanaakiolojia Neville Chittick, katika juzuu zake mbili za mwaka 1974 juu ya Kilwa, ameandika kwa ukavu unaomlaza msomaji mapema. Hata hivyo ndiye anayetuonyesha vile vijigae vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea pamba, vilivyofukuliwa Kilwa, na katika vijigae hivyo mna mkono wa mtu wa kawaida kuliko katika sahifa zote za Sulwa. Gilbert Gwassa na John Iliffe nawapa daraja ya juu zaidi, kwa kuwa wao waliwasikiliza wazee waliokumbuka Maji Maji na kuyanakili maneno yao.

Kubuni si hasara, mradi mbuni awe na insafu. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, ameiweka nchi yake angani, penye watu wasiokuwapo, na bado wajumbe wake wanaorudi na habari za manufaa wakatiwa gerezani ni watu tunaowajua. Ebrahim Hussein, mwana wa Kilwa, katika tamthilia ya Kinjeketile ya mwaka 1969, aliitwaa tarikhi akaifinyanga kwa uhuru, naye akamwambia msomaji hivyo waziwazi. Matokeo yake ni kwamba shaka na uchungu wa Kinjeketile, nabii wa Maji Maji, twavihisi mwilini.

Zimebaki katuni, na hapa ndipo tamaa yangu ilipo. Chakubanga wa gazeti la Uhuru na wahusika wa Philip Ndunguru katika Sani walithibitisha kwamba mchoro mdogo waweza kumchukua mtu wa kawaida na kumfanya ajulikane nchi nzima. Kitabu kiitwacho Vipande vya Dinosaria, kilichotafsiriwa kutoka Kijerumani, kimekwisha kukusanya habari za msafara wa Tendaguru kwa lugha yetu, basi mchoraji hana udhuru wa kukosa maarifa. Asianze na mnyama. Aanze na Boheti alfajiri akiwagawia watu majembe, kisha achore mianzi ikikatwa, udongo ukikandwa, na msururu wa watu ukishika njia ya Lindi. Mnyama amwache hadi kurasa za mwisho, akiwa Berlin, na chini yake kibao chenye majina ya waliomfikisha.