Haki za runinga zikihama, shabiki wa Eldoret ndiye hubeba gharama

HATUA ya wasimamizi wa mbio za magari za Formula One, ambazo wapenzi wake humu nchini huziita Langalanga, kuhamisha matangazo yao ya Marekani kutoka runinga ya ESPN hadi kwa kampuni ya Apple kuanzia msimu wa 2026, huenda ikaonekana kuwa habari ya mbali kwa mkazi wa Eldoret.

Mkataba huo wa miaka mitano ulitangazwa Oktoba 2025. Mwezi mmoja kabla ya hapo, kampuni ya Ufaransa ya Canal+ ilikuwa imekamilisha ununuzi wa MultiChoice, mmiliki wa DStv na SuperSport, ambako shabiki wa Kenya amekuwa akitazama Langalanga kwa miaka mingi.

Matukio hayo mawili yanaonyesha jambo moja. Haki za kupeperusha mashindano ya magari ni bidhaa inayouzwa na kununuliwa na watu wasiomjua anayeketi mbele ya runinga mtaani Langas, Huruma au Kapsoya. Hata hivyo, kila bidhaa hiyo inapobadilisha mikono, yeye ndiye hutakiwa kununua king'amuzi kipya, kulipa ada mpya au kuachana na mchezo aupendao.

Ili kuelewa hasira ambazo huzuka kila mara mabadiliko ya aina hii yanapotokea, ni vyema kutazama Uingereza, ambako mashabiki wa Langalanga wamehamishwa mara nyingi.

Mnamo 1997 mbio hizo ziliondoka BBC na kwenda ITV, zikarejea BBC mwaka wa 2009, kisha kuanzia 2012 zikagawanywa kati ya BBC na Sky. Channel 4 ilirithi nafasi ya BBC mwaka wa 2016, na tangu 2019 Sky imekuwa ikionyesha mbio zote moja kwa moja, huku wasiolipa wakibakiwa na muhtasari pamoja na mbio za nyumbani pekee.

Kila hatua ilizua malalamiko yake. Enzi za ITV, kilio kilikuwa matangazo ya biashara. Katika mbio za San Marino mwaka wa 2005, Fernando Alonso akiwa anafukuzwa na Michael Schumacher mizunguko ya mwisho, kituo hicho kilikatiza mbio na kuonyesha matangazo ya kibiashara. Watazamaji walifoka, kituo kikaomba radhi, na mamlaka ya utangazaji ya nchi hiyo ikaamua kwamba kanuni zilikiukwa.

Mkataba wa Sky ulipotangazwa Julai 2011, kilio kiligeuka kuwa cha pesa. Aliyekuwa akitazama kila mbio bila malipo ya ziada aliambiwa kwamba nusu ya mbio hizo sasa zingemtaka ajiunge na runinga ya kulipia.

Wapo walioridhika na mabadiliko hayo. Sky ilianzisha chaneli nzima ya mchezo huo, ikaonyesha mazoezi na majaribio ya muda, na haikukatiza mbio kwa matangazo. Mashabiki basi waligawanyika makundi mawili: waliomudu gharama wakapata matangazo bora zaidi kuliko awali, na wasioimudu wakapoteza walichokuwa nacho.

Mgawanyiko huo ndio kiini cha mjadala wote, na hapa Kenya unachukua sura kali zaidi.

Shabiki wa soka jijini Eldoret ana njia ya kuukwepa mzigo huo. Kwa ada ndogo anaingia katika ukumbi wa kutazamia mechi, akakaa bega kwa bega na wenzake, na gharama ya king'amuzi ikagawanywa miongoni mwa watu wengi. Shabiki wa magari hana bahati hiyo.

Sababu yake ni saa. Mbio nyingi za Langalanga zinazoandaliwa Ulaya huanza saa kumi jioni ya Jumapili kwa saa za Kenya. Huo ndio wakati ambapo, katika sehemu kubwa ya msimu, mechi za Ligi Kuu ya Uingereza za alasiri huanza. Mwenye ukumbi anayetegemea kiingilio hawezi kuwafukuza wafuasi wa Arsenal na Manchester United ili kuwaridhisha watu watatu wanaotaka kumtazama Lewis Hamilton.

Kwa hivyo, shabiki wa magari hulazimika kuilipia runinga peke yake, nyumbani kwake. Haki zikihamia kwingine, hana wenzake wa kugawana nao hasara. Hii ndiyo sababu mabadiliko ambayo kwa mpenzi wa soka ni usumbufu tu, kwake yanaweza kuwa mwisho wa safari.

Wakenya wanazijua hasara hizo. Mnamo 2007 kampuni ya GTV iliingia katika soko la Afrika ikiwa na haki za sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza, na kwa ada nafuu. Wengi waliacha kampuni ya awali, wakanunua vifaa vipya na kuweka dishi juu ya mapaa yao.

Januari 30, 2009, matangazo ya GTV yalikatika. Kampuni ilikuwa imefilisika. Waliolipa hawakuwa na pa kulalamikia, na madishi yao yakabaki kuwa mapambo. Haki zikarudi kule zilikotoka, na wateja nao wakarudi shingo upande.

Somo la pili lilikuja mapema 2015, nchi ilipohama kutoka mitambo ya analojia hadi ya dijitali. Katika mvutano kati ya serikali na wamiliki wa vyombo vya habari, vituo vya NTV, QTV, KTN na Citizen vilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Kisha mnamo 2017 SuperSport ilivunja mkataba wake na Ligi Kuu ya Kenya, kufuatia mzozo wa kuongeza timu kutoka 16 hadi 18. Kamera zilipoondoka viwanjani, fedha ziliondoka pamoja nazo, na klabu nyingi zikaanza kuhangaika kulipa mishahara.

Michezo ya magari yenyewe haijasalimika. Mashindano ya Dunia ya Mbio za Magari, WRC, yalianza msimu wa 2012 bila mwenye kuyauza wala kuyapeperusha kwa mpango unaoeleweka. Kampuni ya North One, iliyokuwa na jukumu hilo, ilitikiswa na kuanguka kwa wamiliki wake mwishoni mwa 2011, na Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, likavunja mkataba. Mwaka uliofuata kazi hiyo ilichukuliwa na kampuni mpya iliyohusisha Red Bull.

Mkasa huo unafunza kwamba hata pale shabiki anapolipa kwa uaminifu, mchezo wake unaweza kuzimwa na madeni ya benki ya nchi asiyowahi kuisikia.

Kwa mkazi wa Eldoret, suala hili lina uzito mwingine wa kihistoria. Kuna wakati ambapo hakuhitaji runinga. Mbio za Safari, zilizoanzishwa mwaka wa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zilikuwa zikimfuata mlangoni.

Katika enzi ambapo magari yalishindana maelfu ya kilomita katika barabara zilizo wazi kwa umma, njia ya Safari ilifika nyanda za Uasin Gishu na kuteremka mabonde ya Elgeyo. Wanafunzi walisimama kando ya barabara za vumbi, na majina ya Joginder Singh, aliyeshinda mara tatu, na Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano, yalijulikana na watu ambao hawakuwa na gari wala runinga.

Hali hiyo ilibadilika hatua kwa hatua, na runinga ilikuwa miongoni mwa sababu. Mbio za kisasa hutakiwa kuwa fupi, ziwe katika eneo dogo, na zirudie barabara zilezile ili kamera na helikopta ziweze kuzifuata. Safari ya 2002, ambayo Colin McRae aliishinda akiwa ndani ya Ford Focus, ilikuwa na zaidi ya kilomita 1,000 za mashindano. Mwaka uliofuata ikaondolewa katika ratiba ya dunia.

Iliporejea Juni 2021, kilomita za mashindano zilikuwa 320 pekee, zilizogawanywa katika hatua 18 kuzunguka Naivasha baada ya kufunguliwa Nairobi. Sebastien Ogier alishinda, Takamoto Katsuta akawa wa pili, nao Wakenya Onkar Rai, Karan Patel na Carl Tundo wakamaliza katika nafasi za saba, nane na tisa.

Naivasha iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Eldoret. Kwa asiyeweza kugharimia nauli na malazi ya siku nne, Safari imekuwa kitu cha kutazamwa kwenye skrini. Swali la nani anamiliki skrini hiyo, ambalo babake hakuwa na haja ya kuliuliza, sasa ndilo linaloamua kama yeye ni shabiki au la.

Kufikia sasa hali imekuwa ya kuridhisha kiasi. Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, limekuwa likionyesha Safari bila malipo tangu iliporejea. Kwa mbio nyingine za msimu mzima, kuanzia Monte Carlo hadi Finland, mfuatiliaji wa dhati hutegemea huduma ya mtandaoni ya waandalizi wenyewe, iliyoanza mwaka wa 2018 kuonyesha kila hatua moja kwa moja, na ambayo hulipiwa kwa fedha za kigeni.

Ni rahisi kuwalaumu wenye haki kwa tamaa, lakini upande wao pia una hoja. Kupeperusha mbio za magari ni kazi ghali mno. Uwanja wa soka una kuta nne, ilhali hatua ya mbio inaweza kuwa na urefu wa kilomita 30 porini. Picha kutoka ndani ya magari hurushwa hadi kwenye ndege inayozunguka angani, kisha zikateremshwa kituoni. Gharama hiyo lazima mtu ailipe.

Runinga ya kulipia huleta fedha za uhakika. Runinga ya bure huleta macho mengi, na macho hayo ndiyo huwavutia wafadhili. Wasimamizi wanaochagua fedha za haraka na kusahau macho hujikuta, miaka kumi baadaye, na mashabiki waaminifu wanaozeeka bila kizazi kipya cha kuwarithi.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi Kenya kuliko Uingereza. Mtoto wa London aliyekosa Langalanga kwenye runinga atauona mchezo huo magazetini, dukani na katika nyumba ya jirani. Mtoto wa Langas asiyeona magari katika runinga ya bure hatajua kwamba mchezo huo upo. Hawezi kutamani kuwa dereva, mwelekezi au fundi wa jambo ambalo hajawahi kuliona.

Eldoret ina ushahidi wa kinyume chake. Oktoba 12, 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia marathon jijini Vienna kwa saa 1:59:40, mamia ya watu walifurika katikati ya mji kutazama kwenye skrini kubwa. Hapakuwa na ada wala king'amuzi. Siku hiyo ilithibitisha kwamba mashindano yanayofanyika maelfu ya kilomita mbali yanaweza kuwa mali ya mji mzima, mradi mlango uwe wazi.

Wapenzi wa magari hawaombi jambo la ajabu kupita hilo. Safari ilirejeshwa kwa fedha za umma, na mkataba uliotangazwa mwaka wa 2021 ulihakikisha inasalia katika ratiba ya dunia hadi 2026. Mkataba wowote unaofuata unapaswa kuwa na kifungu kinachosema wazi kwamba Mkenya ataitazama Safari bila malipo, hata haki za dunia zikiuzwa mara ngapi.

Uingereza ina orodha ya kisheria ya mashindano ambayo lazima yapatikane kwa wote, kama vile Olimpiki na Kombe la Dunia. Langalanga haimo katika orodha hiyo, ndiyo sababu Sky iliweza kuinunua. Kenya ina nafasi ya kujifunza kutokana na pengo hilo kabla halijaigharimu.

Serikali za kaunti nazo zina wajibu. Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 15, 2024. Jiji linaloweza kufunga barabara kwa ajili ya mwanariadha wake linaweza pia kuweka skrini wikendi moja ya Safari. Raundi ya Eldoret katika mashindano ya kitaifa ya magari, ambayo huwaleta madereva hadi mashambani mwa Uasin Gishu, nayo ingenufaika ikiwa hata nusu saa yake ingeonyeshwa katika kituo cha bure.

Kuhusu Langalanga yenyewe, shabiki wa Eldoret hana usemi mkubwa. Uamuzi hufanywa London, Paris na California, na yeye huletewa bili. Anachoweza kudai ni taarifa ya mapema na uaminifu: aambiwe mkataba wa kampuni anayoilipa unaisha lini, kabla ya kununua kifaa kitakachogeuka kuwa chuma chakavu.

Waliopoteza fedha zao mwaka wa 2009 hawakuambiwa chochote. Wakati huu, huku umiliki wa kampuni kubwa zaidi ya runinga ya kulipia barani ukiwa umebadilika, wana kila sababu ya kuuliza mapema.